Mama Tope na Kipande cha Nne

Ijumaa hii, tarehe 28 Machi, mwanajiolojia wetu wa bahari atarudisha funguo tatu alizokaa nazo muda mrefu kuliko mtu yeyote hapa: wa ofisi, wa maabara ya hadubini na wa ghala baridi. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na nne, miezi mitano na siku kumi na moja kazini. Hiyo ni hesabu ya ofisi ya utumishi. Yeye akiulizwa hujibu kwamba amekaa hapa sentimita moja, kwa maana kule anakochimba, matope ya bahari huchukua miaka thelathini na nne hivi kurundikana unene wa sentimita moja. Mgeni akisikia jibu hilo hucheka kwa adabu, halafu huuliza tena.

Wengi wetu tunamwita Mama Tope. Jina hilo alipewa na mama yake mzazi, fundi cherehani, aliyekuwa akiwaambia majirani kwamba wenzake wamesomesha mabinti wakawa madaktari na wanasheria, wa kwake amekaa chuo kikuu miaka saba akarudi na tope. Alisema hivyo kwa majivuno, na ole wake jirani aliyethubutu kuitikia. Siku moja alikuja kujionea mwenyewe. Akainamia hadubini kwa muda mrefu, akaona maganda madogo meupe yaliyojisokota, akauliza ni nani aliyeyapiga pindo vizuri namna ile.

Maganda hayo ndiyo kazi ya bintiye. Ni ya viumbe wadogo kama punje ya mchanga, walioishi karibu na uso wa bahari, wakafa, wakazama na kufunikwa na matope. Kila ganda hubaki na alama ya joto la maji ya siku zile. Ukishusha bomba refu hadi sakafu ya bahari ukalichomoa likiwa limejaa, umepandisha melini miaka elfu thelathini na kitu: ya karibuni iko juu, ya kale iko chini. Mama Tope ameyachambua maganda hayo moja moja kwa ncha ya brashi ya kuchorea iliyoloweshwa, na kwa mujibu wa madaftari yake amepitia zaidi ya laki sita. Miwani amebadilisha mara nane.

Jambo ambalo hakuliandika kwenye barua yake ya kuomba kazi ni kwamba bahari haimpendi. Amekwenda safari kumi na nne za utafiti, na katika zote amelala siku mbili za kwanza akiwa amekumbatia ndoo. Nahodha mmoja alidhani ni abiria aliyekosea meli. Siku ya tatu huinuka, akala mkate mkavu, na kuanzia hapo hakuna anayepumzika. Mumewe, mwalimu wa hesabu, hajawahi kudai barua ndefu. Hungoja ujumbe wa neno moja, "Nimekula," ndipo naye hula kwa amani.

Binti yao, ambaye sasa ni muuguzi, anasimulia kwamba nyumbani kwao friji ilikuwa ya matope kwanza na ya watu baadaye. Siku wakwe zake walipokuja kwa mara ya kwanza walinywa soda ya vuguvugu, kwa sababu vichupa vya sampuli vilijaa hadi mlangoni na mama mwenye nyumba alikataa kata kata kuvitoa. Wakwe walivumilia. Ndoa ipo hadi leo na ina watoto wawili.

Kamati ya sherehe iliniomba ukurasa mmoja na nusu wa furaha, tena ikasisitiza nisiwakumbushe watu mambo ya zamani. Mambo hayo ya zamani yana jina: kipande cha nne. Waliokaa hapa zaidi ya miaka kumi na tano wanayajua nusu nusu. Wasioyajua wamenong'onezwa kwenye chumba cha chai kwamba Mama Tope aliwahi kupika data. Jumanne iliyopita nimeusikia uvumi huo kwa masikio yangu, kutoka kwa mtafiti aliyeajiriwa mwaka jana, ambaye hata hajawahi kukaa naye meza moja. Siwezi kuandika habari za mwanamke huyu nikauacha uvumi huo umsindikize hadi nyumbani kwake. Kamati inisamehe.

Ilikuwa hivi. Miaka kumi na tisa iliyopita, katika safari yake ya sita, meli ilipandisha bomba la mita kumi na nusu lililojaa matope mazuri ajabu. Bomba la urefu huo haliingii ghalani, kwa hiyo hukatwa palepale sitahani vipande vya mita moja na nusu. Kila kipande huzibwa kwa vifuniko viwili: cha buluu upande wa juu, cheupe upande wa chini. Mvua ilikuwa inanyesha, sitaha inateleza, vipande ni saba na mikono ni michache. Kipande cha nne kikafungwa vifuniko kinyume. Kwa macho tope halina kichwa wala miguu, na hakuna aliyegundua.

Kipande hicho kilipofika maabara kilisomwa kuanzia kwenye kifuniko cha buluu, kama kawaida. Yaani kilisomwa kichwa chini. Matokeo yakaonyesha bahari iliyopata joto ghafla mwishoni mwa zama za barafu, ikapoa polepole, kisha ikapata joto ghafla tena, kila mruko ukiwa ndani ya sentimita moja, muda mfupi kuliko uhai wa mtu. Dunia ya wasomi ikashtuka. Makala yake ikatoka kwenye jarida kubwa, mialiko ikamiminika, na mkurugenzi wa wakati huo akaitundika makala kwenye fremu pale mapokezi.

Aliyeanza kuitilia shaka makala hiyo ni mwandishi wake. Miaka mitatu baada ya safari ile alichambua bomba jingine kutoka jirani na pale, na bahari ikapata joto mara moja tu, taratibu. Mwingine angelilaumu bomba jipya. Yeye alivaa sweta, akaingia ghala baridi, akatoa vipande vyote saba, akavilaza mezani kwa mpangilio. Miruko yote miwili ilikuwa imekaa hasa pale msumeno ulipopita: mwanzo wa kipande cha nne na mwisho wake. Akapeleka sampuli mbili za kipande hicho zikapimwe umri. Iliyotoka chini ikarudi ikiwa changa kuliko iliyotoka juu.

Zilikuwa zimebaki wiki mbili afanyiwe usaili wa ukuu wa idara, na kila mtu alijua kiti kile ni chake. Barua ya kukiri kosa ingeweza kungoja hizo wiki mbili. Barua aliiandika siku hiyohiyo, akaiondoa makala yake kwenye jarida kwa mkono wake mwenyewe, akaenda mapokezi akaishusha na fremu. Kwenye usaili waliuliza swali moja tu, nani alifunga vifuniko. Alijibu kwamba safari ilikuwa yake na kosa ni lake. Cheo kikaenda kwa mwingine, na kwenye jalada lake pakaandikwa maneno mawili: uzembe binafsi.

Kwa miaka kumi na sita iliyofuata alibaki palepale alipokuwa, bila kununa. Akaanzisha kanuni ya mshale: kabla msumeno haujagusa bomba, mshale unachorwa kwa wino usiofutika kutoka chini hadi juu, kwa urefu wote, na watu wawili wanatia saini. Vijana wanailalamikia kanuni hiyo kila safari, lakini hakuna kipande kilichopinduka tena. Akakigeuza kipande cha nne, akaisoma upya miaka yake elfu tano, akaandika makala ya pili isiyo na mruko wala kishindo. Mialiko haikuja. Lakini makala hiyo ndiyo wanayoitumia leo wanaokadiria joto la bahari la kesho, na haijatikisika. Amelea wanafunzi ishirini na watatu, na wote wanajua kusema "nimekosea" bila kumeza mate.

Sasa naomba mnivumilie, maana sehemu hii inanihusu mimi, mtunza ghala.

Vifuniko vya kipande cha nne nilivifunga mimi, niliyechukuliwa safari ile kusaidia sitahani. Siku ile ghalani nilikuwa nimesimama pembeni yake alipokiweka mezani, nikauona mwandiko wangu kwenye lebo, nikaona na nilichokifanya. Nilikuwa na mkataba wa mwaka mmoja mmoja, na mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minane. Ningemwaga unga. Mama Tope aliinua kichwa, akaniagiza nikamtafutie gundi ya karatasi jengo la pili. Nikaenda, nikarudi na gundi, na kwa miaka kumi na sita nikanyamaza. Niliona aibu kila nilipompelekea sampuli, na niliendelea kunyamaza.

Wiki iliyopita nilipiga moyo konde nikaenda ofisini kwake. Alikuwa anafunga hadubini yake kwa magazeti. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama mlangoni.

"Kaa kwanza," aliniambia. "Mwandiko wako nimeujua toka siku ile. Ulidhani nilikuwa nataka gundi ya nini? Ulikuwa unatetemeka, nikaona bora ukatembee kidogo."

Nikamuuliza kwa nini hakunitaja.

"Wangekufukuza, mtoto angezaliwa baba hana kazi. Halafu mkuu wa safari ni mimi, nilitakiwa nikague, sikukagua. Haya, nishikie hapa nifunge kamba."

Nikamwambia nitaliandika jambo hili kwenye wasifu. Akanikataza. "Acha tu, baba. Mimi nimeshazoea." Neno hilo, kwamba ameshazoea, ndilo lililonitoa machozi mbele yake, mtu mzima mimi. Nimemtii miaka yote, agizo hili nimelikataa. Barua yangu iko mezani kwa mkurugenzi tangu Jumatatu, nakala yake imeingia kwenye jalada la Mama Tope, na adhabu itakayokuja naingoja.

Mama Tope, kwa niaba ya maabara, ghala, sitaha na chumba cha chai chenye maneno mengi, asante kwa sentimita yako yote. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha, friji yenye nafasi ya chakula, na mwalimu wako wa hesabu akuone mezani kila siku badala ya kungoja ujumbe. Ijumaa ukiondoka beba hadubini, beba sweta, beba brashi zako. Lile kosa uliache hapa. Lina mwenyewe.