Miwani Niliyokuwa Nikiisahau

Asalam aleikum nyote. Wakubwa zangu shikamooni, ingawa nikitazama humu ndani naona wa kuamkiwa na mimi ni wawili tu, na mmoja kasinzia. Mwalimu ameniambia nieleze nilivyosoma. Maneno mazuri sina. Nitasema kama ilivyokuwa, na majina sitayataja, maana wengine wamo humu na wengine wana jamaa zao humu.

Mimi ni mtu wa Mwera. Shule ya watoto sikuenda, nilikuwa nasuka ukili wa mikeka tangu sijaanza kufunga Ramadhani. Nimeshaolewa na kuzaa ndipo kikaja kisomo cha watu wazima, tukasomea kwenye banda la kukaushia nazi za mbata. Nikazijua herufi. Nikajua kuandika jina langu na la mume wangu, nikawa nayaandika mchangani nikienda kisimani.

Kisha ikaingia ile miaka ya shida. Nyie vijana mnaisikia tu. Sabuni hakuna, tunafulia majani ya mpapai. Sukari ni foleni, na ukifika mbele imekwisha. Kanga moja mnaivaa wawili kwa zamu. Chaki nazo zikaisha, mwalimu wetu akatuambia tuandikie makopa, ule muhogo mkavu, kwa sababu unatoa weupe mzuri kwenye mlango. Tukaandikia makopa. Halafu njaa ikazidi, makopa tukayala. Msicheke, ndivyo ilivyokuwa. Chaki yetu tuliitia tumboni, na darasa likafa.

Herufi usipozitumia zinaondoka. Haziagi. Nilipohamia hapa Nguvumali na mume wangu nilikuwa nimebakiwa na jina langu tu, nalo nikiliandika lilikuwa limepinda.

Ikaja miaka ya ruksa. Maduka yakajaa, na kila kitu kilichoingia kilikuja na maandishi: dawa, maziwa ya kopo, rangi za kuchovyea ukindu. Hapo ndipo nilipoanza uongo wangu. Nikipewa karatasi nasema, "Nisomee mwanangu, nimesahau miwani." Hospitali, nimesahau miwani. Kwenye shule ya watoto wangu, nimesahau miwani. Ndugu zangu, nawaambia leo mbele ya Mungu, miwani sikuwahi kuwa nayo.

Uongo ule ukanipandisha cheo. Akina mama wa mikeka tulipounda kikundi walinichagua kuwa katibu, kwa kuwa mimi ni mkali na walidhani najua kusoma. Sikukataa. Nilikuwa na kichwa chepesi. Kila kilichosemwa kwenye kikao nakishika. Daftarini nachora mikwaruzo, kikao kijacho nalifungua na kuyatoa yote kichwani, neno kwa neno, na kidole kinapita chini ya mistari. Nilidumu hivyo miaka. Siku moja akaja mgeni, akaomba aone daftari. Akaliangalia, akaligeuza juu chini, akaangalia tena. Aliyesema ni wifi yangu, dada wa mume wangu, naye alikuwa mwanachama. Alisema, "Kumbe katibu wetu anachora funza."

Wakacheka mpaka wakalia. Nilitoka pale sikurudi. Mikeka nikawa nasukia ndani peke yangu, watu nikawakatia salamu. Wifi huyo hatukugombana, lakini jina la katibu hakuliacha. Nikiingia kwake, "Karibu, katibu." Msibani mbele ya watu, "Sogeeni, katibu apite."

Basi. Wajukuu wakakua, kikaja kisomo hapa shuleni, nikasema nikafie darasani. Mwalimu wetu ni mdogo kuliko binti yangu wa mwisho. Alituambia hapa kuna daftari lenu wenyewe, na kuna karatasi ya pamoja iliyo mtandaoni, kwenye kishikwambi. Kila mmoja ataandika humo kazi anayoijua, na wenzake watamuuliza maswali humo humo. Siku ya kwanza niliona neno linaota kwenye karatasi yangu bila mimi kugusa kitu.

Nikauliza, "Nani anaandika kwenye karatasi yangu?"

Mwalimu akasema, "Bibi, karatasi ni yetu sote."

"Basi mwambieni asogee."

Aliyekuwa akiandika ni mzee mmoja mkulima wa minazi, mwanafunzi mwenzangu, aliyefiwa na mkewe. Kazi yake ilikuwa kuuliza maswali kwenye kazi yangu ya mikeka, na mimi kuuliza kwenye minazi yake. Kila mtu mle ndani ana kijiti chake kinachopepesa pale anapoandika, na juu ya karatasi kuna picha yake ya uso, maana mwalimu alijua nyuso tunazijua kabla ya herufi. Picha ya mzee yule ina kofia ya viua.

Tulikuwa katikati ya masomo mume wangu akafariki. Nikakaa eda. Wanaojua wanajua: miezi minne na siku kumi, hutoki, hupambiki, wanaume wasio wako huzungumzi nao ovyo. Sikulalamika, ni haki ya marehemu. Ila moyoni nilihesabu, nikaona nikitoka herufi zitakuwa zimeondoka tena, na safari hii sina umri wa kuzirudisha. Mwalimu alikuja kunipa pole, akaniachia kishikwambi kimoja cha darasa. Akasema, "Bibi, darasa halihitaji utoke. Alasiri tukikaa sisi, na wewe kaa." Mwanangu wa kwanza akanitilia bando. Nikawa nasoma nikiwa ndani ya eda, nimekaa kwenye mkeka wangu, wenzangu nawaona wanavyoandika.

Wifi yangu alikuja kukaa nami, ndiyo desturi. Wiki ya tatu akainama begani kwangu kuangalia ninachofanya. Kusoma hajui, lakini kofia aliiona. Na chini ya kofia akaona kijiti kinatembea karibu na changu.

"Wifi, kuna mwanamume humu."

"Ni mwanafunzi mwenzangu."

"Yuko wapi sasa hivi?"

"Yuko shuleni."

"Mbona anatingishika hapa? Kaka yangu hajamaliza hata arobaini, wewe umeingiza mwanamume chumbani kwa kioo."

Mngekuwa nyie mngejibu nini? Aibu ilinipanda kutoka miguuni. Nikakifunga kile kishikwambi, nikakivingirisha kwenye kanga, nikakitia chini ya kitanda. Yeye akamweleza mwanangu. Mwanangu akasema, "Mama, hebu acha kwanza." Nikaacha. Wiki ikapita, ya pili, ya tatu. Nikijaribu kuandika neno kwa kidole kwenye unga, naona mkono unasita. Nikajua zinaondoka.

Neno nalo lilikuwa limeshatoka nje. Majirani wakija kunitazama wananyamaza wakiingia. Siogopi maneno, lakini nililala na mume wangu miaka yote ile bila mtu kusema kitu, halafu niitwe hivi nikiwa na nguo yake ya eda mwilini.

Mwanangu akaona bora akamuulize shekhe. Alirudi baada ya sala ya alasiri, akakaa mlangoni. Akasema, "Shekhe ameniuliza, hayo yanayoandikwa mmeyasoma? Nikasema hapana. Akasema nendeni mkasome kwanza, ndipo mje mniulize."

Akanyoosha mkono nimpe asome. Nikamwambia, "Nitasoma mwenyewe. Wewe simama nyuma yangu uangalie kama naongopa."

Wifi akaguna. "Atasoma kwa kichwa, kama enzi za ukatibu."

Nikakitoa chini ya kitanda, nikafungua ile karatasi. Nikaanza mwanzo. Nilisoma swali la mzee kwamba ukindu unalowekwa siku ngapi. Nikasoma jibu langu. Nikasoma anapouliza rangi nyeusi inapatikanaje. Nilisoma polepole, nikikosea narudi, jasho linanitoka. Mwanangu kila nikimaliza mstari anasema, "Ni kweli."

Wifi akasema, "Hayo ulishayajua. Umeyashika kichwani."

Na alikuwa na haki, ndugu zangu. Mimi niliyewadanganya miaka yote ile, kwa nini aniamini?

Ilikuwa saa za darasa. Tukiwa tumekaa hivyo, kijiti cha mzee kikaanza kupepesa chini kabisa, mahali peupe. Naye anaandika kwa kidole kimoja, kama mimi. Herufi ikatoka, ikakaa. Nyingine ikatoka. Wifi akaiona, akasogea. Akasema, "Haya. Hilo hujalishika. Soma hilo."

Nawaambia kweli, nilikivuta kioo karibu. Sikujua mzee yule anaandika nini. Angeweza kuandika neno la utani tu, wazee wa minazi mnawajua, nami ningekwisha pale pale mbele ya mwanangu. Ningeweza kusema nimesahau miwani. Lilifika hapa, kwenye ncha ya ulimi.

Nikasoma. Yeye anatoa silabi, mimi naitamka.

"Bi-bi wa mi-ke-ka. U-me-nya-ma-za."

Akapumzika, nasi tukangoja. Kikaanza tena.

"Mke wangu ali-la-zwa kwenye mkeka wako. Si-ja-ku-shu-ku-ru."

Nikaendelea, maana alikuwa bado anaandika. "Andika ule upindo uli-u-sho-na-je. Nataka wanangu wajue."

Mwanangu nyuma yangu hakusema "ni kweli". Aliniwekea mkono begani. Mkeka ule niliukumbuka. Uliagizwa na huyo mke wake mwenyewe, akiwa mgonjwa, akataka upindo wa ukingoni uwe mwekundu.

Nikamtazama wifi yangu. Nilidhani atasema nimekisia. Alikuwa anaangalia ile karatasi, na kidole chake kiko karibu na kioo lakini hakigusi. Akasema, "Mwambie upindo nilishona mimi."

Ni kweli. Ukili nilisuka mimi, upindo alishona yeye, kabla ya yale mambo ya daftari.

Nikaandika. Ilinichukua mpaka adhana ya magharibi ikakaribia. Wifi anaeleza sindano inavyopita, mimi naandika, nikichoka ananiambia, "Usiache hapo, hapo ndipo wengi wanapoharibu." Mwanangu kesho yake alimrudia shekhe kumpa jibu. Sijui walisemezana nini. Alirudi na bando.

Eda nilitoka salama, na kazi yangu ilikuwa imekamilika ndani ya ile karatasi. Mwalimu aliitoa kwenye mashine, ndiyo hii mnayoiona imebandikwa ukutani. Ukurasa wa mwisho ni wa upindo. Mwenye macho asome.

Namshukuru Mola aliyenibakizia umri. Mwalimu wangu, mwanangu, ahsante, ulininunia nilipokosa lakini hukuwahi kunicheka. Mzee wa minazi, nakushukuru hapa hapa mbele ya watu, na swali langu la mbolea hujalijibu. Mwanangu mkubwa, ahsante kwa kusimama nyuma yangu. Na shekhe, kwa kutuuliza tumesoma au bado.

Funzo nililonalo ni dogo. Msijifiche. Kilichonipotezea miaka si makopa tuliyoyala, ni ile aibu yangu. Ile karatasi ya pamoja ina uzuri mmoja ambao daftari langu la ukatibu halikuwa nao: ukikosea, wote wanaona, na wote wapo wa kukusaidia kurekebisha.

Nimalize. Leo asubuhi, kwenye meza ya kuandikisha darasa jipya, alikuja mwanamke wa umri wangu, akapewa fomu. Akaishika, akaigeuza, akanisogezea. Akasema nimsomee, kasahau miwani nyumbani.

Nilimwambia, "Kaa hapa, wifi. Upindo wako utausoma mwenyewe."