Ambrosi Kihwele wa Ilomba, Aliyewapikia Wanawe

Ndugu, jamaa na majirani mliokusanyika hapa Ilomba leo, Jumamosi tarehe 21 Machi 1959, pamoja nanyi mliofika jana kwa lori kutoka Idodi mkiwa mmelowa mvua njia nzima, familia inawaomba mtulie kidogo kabla hatujamfikisha ndugu yetu kaburini, msikie alikotoka, alivyoishi, na jinsi alivyotuacha.

Marehemu Ambrosi Kihwele alizaliwa Idodi, Iringa, mwaka 1911, siku yenyewe haikuandikwa popote, ila mama yake alikuwa akisema alimzaa wakati wa kuvuna mtama. Baba yake alichukuliwa upagazi katika vita ya Wajerumani na Waingereza mwaka 1916, akaondoka na mzigo wa watu kichwani, hakurudi, wala hakuna aliyekuja kusema amelala wapi. Mama akabaki na watoto na jembe, akawalea kwa vinyungu, zile bustani za bondeni ambazo sisi Wahehe hulima kiangazi udongo ukiwa bado na unyevu, na Ambrosi ndiye aliyemfuata nyuma akidondosha mbegu za maharage na maboga, na huko bondeni alijifunza kwamba nyumba isiyo na baba inaweza kula, maadamu kuna mtu wa kuamka mapema.

Alibatizwa tarehe 24 Desemba 1922, akasoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1923 hadi 1927 alipomaliza darasa la nne, walimu walitaka aendelee lakini mama alikuwa ameanza kupoteza macho, akarudi nyumbani kumshika mkono, na hakumwacha mpaka alipomzika, mwezi Juni 1930.

Mwaka uliofuata alikuja Mbeya kwa miguu, akapanda hadi Chunya kwenye machimbo ya dhahabu ya Lupa, ambako wanaume wengi walikula na kunywa walichochimba kabla jasho halijawakauka, naye alipanda mchicha na maboga nyuma ya kibanda chake, wakamcheka, kisha wakaanza kuja jioni na mabakuli. Tarehe 2 Machi 1936 aliajiriwa kazi ya barabara ya serikali hapa Mbeya, alianza na sururu akamalizia kuwa nyapara, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyewahi kumwona akimpigia kelele mtu wa chini yake.

Alifunga ndoa tarehe 10 Septemba 1938 na Tusekile, binti wa Tukuyu, aliyekuwa akileta ndizi sokoni Mbeya, na ninyi mliomfahamu mnakumbuka kwamba yeye ndiye aliyekuwa na maneno katika nyumba ile, Ambrosi alikuwa na kicheko tu. Mungu aliwajalia watoto watatu, Marta aliyezaliwa tarehe 4 Julai 1939, Anyitike aliyezaliwa tarehe 16 Februari 1943, na Damari aliyezaliwa tarehe 9 Januari 1949. Walipata kiwanja hapa Ilomba karibu na kijito, Ambrosi akalima vinyungu kama vya mama yake, Tusekile akapanda migomba, na maisha yakawa mazuri, tusiseme zaidi ya hapo, yalikuwa mazuri.

Tarehe 22 Aprili 1951, siku ya Jumapili, Tusekile alifariki kwa homa iliyomshika Alhamisi tu, Damari akiwa na miaka miwili, bado akilala na kanga ya mama yake.

Baada ya matanga, kaka yake marehemu Tusekile, ndugu yetu Jailos ambaye yuko hapa pamoja nasi, alikuja na wanawake wawili wa ukoo kuwachukua watoto kuwapeleka Tukuyu, jambo la haki na la upendo, kwa maana ndivyo ilivyo desturi. Walimkuta Ambrosi jikoni akipuliza moto, macho yamemwiva kwa moshi, ugali umeungua chini na juu ni mbichi, watoto wameketi wanautazama.

Jailos alimwambia, “Shemeji, mwanamume hapiki. Hawa watakufia mikononi. Wewe oa kwanza, tutakurudishia.”

Ambrosi aliendelea kukoroga, akajibu bila kugeuka, “Shemeji, mama yao ameondoka. Na mimi nikiondoka machoni pao, watabaki na nini?”

“Huondoki wewe. Wanakwenda kwa bibi yao.”

“Basi niachie hadi mavuno. Ukirudi ukamkuta mmoja amekonda, chukua wote, sitasema neno.”

Jailos alikubali, si kwa kuamini bali kwa kumhurumia, na tangu siku hiyo ndugu yetu aliingia katika maisha ambayo wengi wetu tuliyaona kwa nje tu. Jirani yake Bi Waridi, mke wa mzee Muhidini mwenye duka, mtu wa asili ya pwani, alimsikia siku moja akigombana na chungu, akavuka ua akamwambia, “Baba Marta, maharage hayapikwi kwa hasira. Ondoa kuni mbili, funika, kaa chini.” Yeye ndiye aliyemfundisha kuloweka mahindi na maharage tangu jioni ili yasile kuni nyingi, na kwa kuwa nazi huku kwetu ni za kutafuta, akamwonyesha kuunga mboga kwa karanga zilizosagwa hadi zikatoa mafuta yake zenyewe.

Mengine aliyatunga mwenyewe. Magunzi aliyakausha yakawa kuni, majivu akayachanganya na mahindi ya akiba yasiingie wadudu, maganda ya viazi yakarudi shambani kuwa mbolea, majani ya maboga na ya kunde akayaanika wakati wa mvua chache ili kiangazi kisiwakute mikono mitupu, mbegu za maboga akazikaanga na kuzitwanga zikawa kitoweo. Chakula cha jioni kilipakuliwa jua likiwa bado juu, mafuta ya taa yasiungue bure, na kaptula yake ya kazini aliitia viraka vya turubai hata ikawa haijulikani kitambaa chenyewe kilikuwa kipi. Kabichi na viazi vilivyozidi alivipeleka sokoni Jumamosi, na kilichopatikana alikiweka akiba posta, hakikupitia kilabuni.

Jailos alirudi mwezi Agosti, akakaribishwa makande na majani ya maboga, akala, akamwinua Damari akampima mikononi, akamshusha, akamwinua tena, kisha akasema, “Ee, shemeji. Baki nao.” Akaondoka siku ileile, na alipofika Tukuyu akamwambia mama yake kwamba amekula chakula kama cha binti yake Tusekile.

Isidhaniwe kwamba njia ilikuwa laini. Wapo waliomwita Mama Marta, wakalitamka jina hilo njiani watoto wakisikia, na siku moja mwenzake wa kazini, ndugu Halfani, aliuliza kwa sauti mbele ya kikosi chote, “Mama Marta, leo umepika nini?” Ambrosi akamjibu, “Makande. Karibu.” Halfani akaja kweli, kwa mzaha, akala, na akawa rafiki yake kuanzia hapo hadi juzi.

Watoto nao walichoka. Mwaka 1955 Anyitike, akiwa na miaka kumi na miwili, alivaa shati lililoshonwa kwa mfuko wa unga ambao maandishi yake hayakufutika hata kwa kufuliwa, wenzake wakayasoma kwa sauti shuleni, akatoroka akapanda lori la ndizi hadi kwa mjomba wake Tukuyu. Ambrosi, ambaye hakuwa amepanda basi tangu mkewe afariki, alipanda basi, akamkuta mwanawe ameketi nyuma ya nyumba, akaketi kando yake.

Akamwambia, “Sikukuvika mfuko kwa kuwa sikupendi.”

Anyitike akasema, “Akiba yote ni ya Marta.”

“Ya Marta imetangulia kwa kuwa Marta ametangulia kuzaliwa. Yako inakuja nyuma. Lakini shati nitakununulia leo, hapahapa, nimekosea.”

Wakarudi pamoja, shati jipya mwilini, na Anyitike anasema baba yake alikuwa akiligusagusa kola njia nzima.

Marta alikuwa ameingia shule ya bweni ya wasichana mwaka 1954, jambo lililoshangaza watu wengi, maana wengine walimwuliza Ambrosi waziwazi kwa nini anajinyima nyama kwa ajili ya msichana atakayeolewa, naye alisema tu kwamba mama yake Marta angependa. Januari 1958 Marta alianza masomo ya ualimu katika chuo cha masista upande wa Iringa, na siku alipoondoka baba yake alimfungia viazi vitamu vya kuchemsha na karanga, akasimama barabarani hata lori lilipokwisha kupotea.

Sasa tunafika mahali ambapo ni pagumu kwetu kusoma.

Kikohozi kilimwanza katikati ya mwaka 1957, akanywa maji ya majani ya mikaratusi, akasema ni vumbi la barabara. Mwaka 1958 alianza kukonda, akakaza mkanda, Damari alipouliza kwa nini hali ugali akamwambia ameshiba kwa kuonja jikoni. Alijua. Tunasema hivi kwa sababu baadaye alikiri mwenyewe kwamba aliwaona wenzake wa machimboni wakikohoa vilevile, na alijua ukienda hospitali na ugonjwa ule unalazwa miezi mingi, akajiuliza nani atapika, nani atalima, nani atamvusha Anyitike mwaka wa mwisho wa shule, na kama watoto hawatagawanywa huku na huku siku atakapolazwa, basi akawa anaahirisha, kwanza hadi mavuno, kisha hadi kupanda, kisha hadi Marta amalize.

Marta alirudi likizo tarehe 13 Desemba 1958. Aliingia jikoni akamkuta baba yake ameshika ukuta kwa mkono mmoja, mwiko mkono wa pili, na kitambaa chenye damu kimetupwa karibu na mafiga. Alimpokonya mwiko, na wale waliokuwa uani walisikia binti ambaye hajawahi kupaza sauti akilia kwa hasira.

“Baba, sisi hukutunyima kitu! Umejinyima wewe, hata uhai wako umeutia kwenye akiba!”

Naye akasema taratibu, “Usipige kelele, mwanangu, Damari atasikia. Maharage yameiva?”

Alilazwa hospitali hapa Mbeya tarehe 5 Januari 1959, kifua kikuu kikiwa kimeshika mapafu yote mawili, na mganga alimweleza Marta kwa upole kwamba dawa zipo siku hizi, lakini zingemfaa zaidi kama angefika mapema. Marta aliomba ruhusa kwa masista akabaki kumwuguza, Ambrosi akamkasirikia kwa hilo, kisha akaacha kumkasirikia, akawa anamngojea mlangoni kwa macho. Bi Waridi alimletea uji na mchuzi wa kuku, alikula vijiko vichache ili asimvunje moyo.

Alhamisi iliyopita, tarehe 19 Machi, asubuhi, alimwuliza Marta kama viazi vya bondeni vimekwisha inuliwa udongo, maana mvua imekuwa nyingi na viazi vikionekana juani vinageuka kijani. Marta alijibu, “Ndiyo, baba, vyote.” Haikuwa kweli, hapakuwa na aliyekanyaga bondeni tangu baba alazwe. Jibu lile lilimchoma Marta, akamwacha Anyitike kando ya kitanda cha baba, akaenda Ilomba akachukua jembe, akashuka kijitoni katika mvua, akainulia udongo tuta moja baada ya jingine, na alikuwa katika tuta la mwisho alipomwona Halfani akija mbio bila kofia.

Ambrosi alikuwa amefariki saa tisa alasiri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Anyitike. Mwishoni aliuliza Marta yuko wapi, Anyitike akamwambia, “Yuko shambani,” naye akasema, “Vizuri.”

Familia inatoa shukrani kwa mganga na wauguzi waliomgeuza na kumwosha kama mtu wao, kwa wafanyakazi wa barabara walioranda mbao za jeneza hili kwa mikono yao wenyewe, kwa paroko wetu, kwa majirani wa Ilomba mliochota maji na kuleta kuni, na kwa Bi Waridi, ambaye yuko kwenye moto kwa ajili yetu sote tangu Alhamisi na amekataa kupokewa. Tunawashukuru pia masista waliotuma salamu kwamba nafasi ya Marta chuoni ingalipo, naye atarudi baada ya siku za matanga kumalizia mwaka huu.

Mwisho tunawatangazia uamuzi wa kikao cha pande zote mbili. Ndugu Jailos alisimama jana mbele ya wazee, akasema hakuja kuchukua mtoto safari hii, amemleta mama yake, bibi yao, na mikeka yake na kuku wake, akae Ilomba katika nyumba ya Ambrosi mpaka Marta aanze kazi. Hakuna aliyepinga. Anyitike ataendelea na shule, Damari ataendelea kulala kitanda chake.

Ndugu yetu, umelima, umepika, umelisha, sasa lala. Wanao wote watatu wamesimama hapa kando yako, wameshikana mikono, hakuna aliyetengwa na mwenzake. Pumzika kwa amani, Ambrosi.