Ufunguo Usiozunguka

Kijiwe chetu cha Nyahanga, nyuma ya mashine ya kusaga, kina benchi moja na birika la Nassibu muuza kahawa, lakini hakuna jambo la dunia hii ambalo hatujalimaliza. Asubuhi ile ya mwaka themanini na nne jambo lilikuwa la kwetu wenyewe. Maige, mchimbaji wa dhahabu, alitoka hai duara lake, yaani shimo la kuchimbia, lilipoporomoka. Tangu hapo akisogelea shimo lolote hofu inamshika, anarudi. Wenzake wamempa mpaka Jumatatu: ashuke, au nafasi yake ichukuliwe. Tunampenda Maige, basi tukamtafutia tiba kwa kelele.

Alianza Zamoyoni, tunayemwita Antena kwa ajili ya redio yake.

— Wamesema redioni jana. Hofu inaanzia ubongoni. Kinatumwa kitu kidogo, mnyororo wa vipande vipande, kinakwenda kuingia kwenye kitasa chake. Kikizunguka tu, mwili mzima unajua kuna hatari.

— Kitasa mwilini? aliuliza Maige.

— Ee. Sasa wataalamu wamechonga ufunguo bandia. Unaingia, unakaa, hauzunguki. Ule wa hofu ukija unakuta tundu lina mtu.

Nilisisimka, sifichi. Binadamu kukaa akachonga kitu kidogo vile ni akili ya kuamkiwa.

— Walikionaje? aliuliza Bujiku, mfugaji wa Didia.

— Walipasua bongo za kondoo, maelfu kwa maelfu, wakakusanya chembe chembe.

Bujiku akatua kikombe.

— Maelfu? Hao watu nawaheshimu.

— Basi dawa tunayo, alisema Shaaban Methali. Kondoo hata akichinjwa halii. Ufunguo bandia anao tayari. Tumpikie Maige supu ya kichwa.

— We, si ndimo walimoitoa hofu yenyewe? aliuliza Antena.

— Mchelea mwana kulia hulia yeye, alijibu Methali, na hakuna aliyejua anajibu nini.

— Changanyeni na ubongo wa nguchiro, alisema Bujiku. Yule anamkabili nyoka.

— Mkiwapa wachimbaji wote, alisema Nassibu akimimina, Geita nzima itachimba mpaka itokee upande wa pili wa dunia.

Maige akacheka, mara ya kwanza tangu ajali.

— Ingekuwepo dawa ya huo ufunguo ningeimeza leo. Jumatatu ningeshuka.

Paskazia, mkewe, alikuwa ametoka mashineni na beseni la unga.

— Shikamooni.

— Marahaba, mayo, mama yetu.

Antena akamweleza upya, vizuri kuliko mwanzo. Mama wa watu alisikiliza mpaka mwisho.

— Hao watu wana akili kweli, alisema. Kisha akamgeukia mumewe. Siku ile ulitokaje?

— Udongo kidogo uliniangukia shingoni. Mwili ukashtuka, nikajikuta juu kabla sijafikiri.

— Na Ignas uliyekuwa naye mle shimoni?

— Alinicheka. Akabaki anachimba.

Ignas tulimzika sisi wenyewe. Paskazia akatutazama mmoja mmoja.

— Sasa huo ufunguo bandia ukishaziba tundu, udongo ukianza tena kudondoka, nani atamwambia akimbie?

Maige akampokea mkewe beseni, wakaenda nyumbani.