Mama Kanyere Eliane, Mwalimu wa Batoto Kumi na Moja

Bazazi, bapasta, majirani, na ninyi wote muliofika hapa Beu, mutaa wetu wa Beni, ijapokuwa habari za barabara ni mbaya, anayebasomea ni Muyisa Ézéchias, mudogo wa marehemu wa tumbo moja, mutu wa mwaka wa ine primaire tu, mais kwa kusema hakuna anayemushinda kutoka hapa mupaka Kasindi.

Dada yetu Kanyere Eliane alizaliwa Lubero tarehe 12 Machi 1958, akasoma primaire na miaka ine ya ualimu kwenye misioni, akaanza kufundisha Bungulu, hapa Beni, mwezi wa Septemba 1977, akaolewa na baba Kasonia Éphraïm, muchuuzi wa kahawa, tarehe 4 Agosti 1984, Mungu akabapatia batoto bane, wa mwisho binti yao Jokébed, aliyezaliwa tarehe 20 Januari 1993.

Vita ilipomufungia baba Kasonia njia ya kurudi kutoka Kisangani, na basoda balipolala ndani ya madarasa, Eliane alikimbia na batoto kwa miguu mupaka Butembo, mwezi wa Februari 2000, na katika ile njia Jokébed aliona mambo ambayo hayatasomwa hapa, akafunga kinywa, hakusema tena hata neno moja. Balifikia kwa Ézéchias, Bulengera, mulemule Butembo, na kwa sababu basoda balikuwa banakamata batoto kwenye njia ya shule na kubapeleka kambini, Eliane alifundishia nyumbani, batoto bake na ba majirani, kumi na moja, akasaga makaa ya pile za redio, betri zilizokufa, akapaka mulango wa jikoni, ukawa ubao.

Munajua kwamba shuleni mutoto akijibu vizuri benzake banamupigia ban, makofi matatu kwa pamoja, mais pale ban ingetupeleka kaburini, donc Eliane alibafundisha kusugua viganja bila sauti, na alimusugulia hata yule aliyekosa, akimuambia umekaribia kufika.

Tarehe 14 Novemba 2000, saa tisa ya muchana, Jokébed alisimama mbele ya ule mulango, akaweka kidole, na kwa mara ya kwanza tangu ile njia sauti yake ikasikika, akasoma, "Mama analima maharagi," na Eliane mwenyewe, mwalimu wa miaka makumi mbili na tatu, akasahau sheria yake, akapiga makofi mupaka kuku bakaruka.

Patrouille ilikuwa barabarani. Basoda batatu baliingia, bunduki mbele, na Ézéchias, yule aliyefukuza chui na pompe ya baiskeli, siku hiyo alikuwa analinda upande wa nyuma, ndani ya shimo ya kuivishia ndizi za kasiksi, pombe yetu ya ndizi, chini ya majani, akisikia vizuri sana. Mukubwa wao alisema hapa kuna mukutano wa maadui, akauliza nani amepiga mikono.

"Ni mimi, baba. Mutoto wangu amesoma."

Yule akacheka, akasema basi asome tena, akinyamaza itajulikana kwamba munadanganya, na bale bavulana batatu bakubwa batabeba masanduku ya risasi mupaka kambini. Eliane hakulia, hakubembeleza, akamuambia mutoto tu, "Soma polepole, mama, tuko na wakati."

Kimya ikawa ndefu, ndizi zingeiva juu ya kichwa cha Ézéchias, kisha sauti ndogo ikatoka, ikafika mupaka kwenye maharagi. Basoda balibeba mbuzi na redio, bakaacha batoto bote kumi na moja. Kesho yake, kwa batoto ba majirani, balirudi bane tu kusoma, Eliane akaanza nabo saa ileile, na kufikia Pasaka balikuwa kumi na tisa.

Baba Kasonia alirudi mwezi wa Juni 2002, familia ikarudi Beni, mais tangu Januari 2003 tension, ile ya damu kupanda, ilimushika Eliane, akalazwa mara tatu, akatuacha tarehe 9 Juni 2003, saa kumi na moja ya asubuhi.

Familia inashukuru munganga na bauguzi bake, majirani ba Bulengera na ba Beu, na balimu benzake.

Neno moja limebaki, alilomutuma Ézéchias akiwa juu ya kitanda cha hospitali: ubaambie batoto kwamba kila siku ya masomo magoti yalikuwa yanamutetemeka ndani ya kitenge, tangu sala ya asubuhi mupaka mwisho wa hesabu. Batoto, mulizani yeye hapana kuogopa, kumbe aliogopa kubapita ninyi bote. Dada Eliane, kazi ya kuogopa imekwisha, sasa pumzika kwa amani.