Kile Chombo

Mheshimiwa Waziri wa Sheria, mgeni wetu rasmi; Mama Jaji, mwenye siku yako; waheshimiwa majaji na mawakili; makarani mliotupangia viti; ndugu wageni waalikwa; na wewe fundi, uliyekaa karibu na mlango kama kawaida yako:

Nimeombwa nimuage Mama Jaji, anayestaafu leo, kwa niaba ya washtakiwa wake wote. Wengine wametoa udhuru.

Zamani nilikuwa mwandishi wa gazeti. Siku moja niliandika kwamba mashine ya kupandishia watu ghorofani pale Wizara ya Ulinzi imekwama, na waziri wa wakati ule yumo ndani, akipiga kelele zilizosikika hadi kwa wauza viatu barabarani. Nikakamatwa kwa kutoa siri ya nchi. Jamani, ni siri gani hiyo ambayo wauza viatu waliijua kabla yangu? Lakini kifungo kilichonisubiri hakikuwa mzaha. Mke wangu alikuja mahakamani na sweta langu mkobani, maana aliambiwa gerezani kuna baridi.

Mwendesha mashtaka alikuwa kijana hodari, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Leo ndiye mgeni wetu rasmi, mpigieni makofi. Aliomba watu wote watolewe nje, na mimi mshtakiwa nitolewe nao. Na jina la mashine yenyewe, akasema, lisitamkwe na mtu. Liitwe "kile chombo". Mama Jaji akajibu kwamba atamsikia kwanza shahidi mmoja, ndipo aamue.

"Kazi yako?" akamuuliza shahidi.

"Fundi, Mheshimiwa."

"Fundi wa nini?"

Fundi akamtupia jicho mwendesha mashtaka. "Fundi wa kile chombo."

"Chombo gani, baba?"

"Si kile kinachopanda na kushuka!"

"Napinga, Mheshimiwa! Shahidi anatoa siri!"

"Shahidi ni wako, bwana. Unampinga nani?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mama Jaji hakucheka. Alivua miwani, akasema: "Siri za nchi zipo, nami nitazilinda. Lakini shingo iliyo hatarini ni ya huyu bwana. Asipojua anashtakiwa kwa lipi, atajitetea kwa ndoto?"

Na alizilinda kweli. Ushahidi ulipofika kwenye zamu za walinzi, aliwatoa wasikilizaji, akatubakiza mimi na wakili wangu, akatuapisha tusiseme. Sijasema hadi leo. Mke wangu alinibembeleza, akaninunia, hakuambulia kitu. Nasikia nyumbani kwa Mama Jaji pia, shemeji yetu bado anauliza.

Mama Jaji aliniachia huru. Gazeti likafungwa hata hivyo, nami nikaenda ugenini, nikazeekea kwenye jumba la ghorofa nyingi. Sweta lile nimelivalia huko mpaka viwiko vikatoboka. Kila nilipobonyeza kitufe na milango kujifunga, nilikumbuka sauti yake: atajitetea kwa ndoto?

Mheshimiwa Waziri, nimerudi na kukuta gumzo la muswada wako, ule wa kumtoa mshtakiwa nje ushahidi wa siri unapotolewa. Wewe ni mtu msikivu. Siku ile na wewe ulicheka. Nilikuona, ulijifunika uso kwa joho. Kabla hujaupeleka bungeni, kaa na Mama Jaji. Kuanzia kesho ana nafasi. Na swali lake, mimi sijasikia mtu akilijibu.

Sasa, tuko ghorofa ya juu, na magoti yangu si ya jana. Mama Jaji, naomba ruhusa ya mahakama yako kwa mara ya mwisho: nilitamke lile neno?

Ametikisa kichwa kukubali. Mashahidi ni ninyi.

Basi, Mheshimiwa Waziri, tukimaliza hapa tutashuka pamoja, wewe, mimi na fundi, kwa lifti. Ikikwama, fundi ataitengeneza, wewe utapiga kelele, na mimi nitaandika.

Mama Jaji, pumzika vyema. Nanyi nyote, asanteni kwa kunisikiliza mlango ukiwa wazi.