Meno Yaangalie Mbele: Wasifu wa Marehemu Fundi Meno

Marehemu baba yetu, ambaye karibu nyote mlimwita Fundi Meno, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu kati ya sita wa wakulima wa maharage na mahindi. Mama ameniomba, mimi kifungua mimba wake, niusome wasifu huu bila hasira. Nimemwambia nitajitahidi, na yeye ananijua.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1959 hadi 1965. Katika hesabu hakuwa na mpinzani, lakini hakuendelea, kwa kuwa nyumbani mikono ilikuwa haitoshi. Bibi yetu alikuwa amepalilia kwa jembe la mpini mfupi tangu usichana wake, na alipofika miaka arobaini na tano mgongo ulikuwa umegoma kunyooka. Alisalimiana na watu akitazama viatu vyao. Baba alituambia mara nyingi kwamba kila alichokitengeneza maishani alikitengeneza kwa ajili ya mgongo ule.

Mwaka 1967 alipokelewa na mhunzi mmoja, akaanzia kwenye kuvuta mivukuto ya kupulizia moto. Mwaka 1974 alifungua karakana yake nyuma ya duka la mbao: chumba cha mabati, fuawe moja ya kufulia chuma, na dirisha lisilofunga mpaka leo. Humo ndimo alimokutana na Mama, aliyeleta jembe lililochomoka mpini. Siku tatu baadaye Mama akalirudisha, mpini umechomoka tena. Wiki iliyofuata akalirudisha tena, akamuuliza, "Fundi, hili jembe unalitengeneza au unaliombea dua?" Uzeeni Baba alikiri kwamba ile mara ya pili alilegeza kabari ya mpini kwa makusudi. Mama hajamsamehe, au ndivyo anavyosema. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 7 Agosti 1976, wakajaliwa watoto wanne.

Mwaka 1983 alimaliza chombo mnachokifahamu kwa jina la Meno Matatu. Mbele kina gurudumu la baiskeli, nyuma mikono miwili inayofika kiunoni, na katikati meno matatu yaliyofuliwa kwa springi za lori, ncha zake zimepinda kuelekea mbele. Mtu anakisukuma akiwa amesimama wima, magugu yanang'oka, udongo unalegea, na mizizi ya mmea inabaki salama. Meno ya kwanza aliyapanua mno, yakafyeka mistari miwili ya maharage ya Mama. Mama alikuja juu, kisha akakitandaza kiganja chake juu ya chuma na kumwambia, "Pima hapa. Kidole gumba mpaka kidole cha mwisho. Usizidishe hata punje." Kuanzia siku hiyo, kila Meno Matatu kilichotoka karakanani kilikuwa na nafasi ya shubiri ya Mama kati ya jino na jino.

Sasa nifike pale nilipoombwa nipite haraka. Sitapita haraka.

Mwezi Mei 2009, maofisa wa kituo cha utafiti wa kilimo walikuja kuomba Meno Matatu kimoja wakakiweke kwenye ukumbi wao wa maonyesho. Baba alifurahi, akakipaka rangi. Ili kiingie kwenye buti ya gari walikifungua, naye akawasihi mara tatu, "Mkikifunga, ncha ziangalie mbele." Wakaitikia ndiyo mzee, ndiyo mzee. Walipofika kwao wakayafunga meno kinyumenyume, ncha zikatazama nyuma. Mwaka 2011 wakakipima hicho hicho, wakatengeneza vingine mia mbili vya mfano huo, wakavigawa vijijini. Havikuchimbua kitu. Vililamba udongo tu. Kisha wakaandika katika kijitabu chao, kwa wino mweusi, kwamba chombo cha Fundi Meno kilijaribiwa shambani na hakikufaa.

Hakikufaa! Chombo kilichopalilia mashamba ya watu hawa mliokaa nao kwa miaka ishirini na minane, kikahukumiwa na watu ambao hawajawahi kushika mpini wake.

Jirani mmoja alikuja kukibwaga chake alichogawiwa na kituo mlangoni petu, akasema, "Fundi, hiki ni kigari cha kutembeza watoto." Baba hakubishana naye. Alichukua spana, akageuza meno, akamrudishia. Aligeuza hamsini na vitatu kwa mikono yake, vya wote waliomletea, na hakudai kitu. Kituoni alikwenda mara nne. Hakutaka cheti wala kupigwa picha. Alitaka boliti tatu tu zifunguliwe. Mara ya mwisho ofisa alimjibu bila kuinua macho, "Mzee, hayo ni maonyesho, hayaguswi. Na wataalamu wameshapitisha." Baba alirudi nyumbani, akakaa karakanani bila kuwasha moto. Sikuwahi kumwona hivyo.

Mwaka 2021 mapafu yake, yaliyovuta moshi wa makaa kwa zaidi ya miaka hamsini, yalianza kumshinda. Alilazwa mara ya mwisho tarehe 2 Oktoba 2023. Kitandani aliniuliza, "Wamegeuza?" Nikamwambia wameahidi. Ulikuwa uongo, nilitaka apate usingizi. Akasema, "Sikuuliza kama wameahidi. Spana iko droo ya chini." Alifariki Jumatano, tarehe 11 Oktoba, saa tisa alasiri, Mama akiwa amemshika mkono.

Aya inayofuata haimo katika karatasi mlizoshika, kwa sababu zilikuwa zimeshachapwa. Jana, tulipotoka kuzichukua kwa mchapaji, Mama alimwambia dereva apitie kituoni. Aliingia ukumbini na mkoba wake, akatoa spana, akapiga magoti. Mlinzi akamwambia, "Mama, hairuhusiwi kugusa." Mama akamjibu, "Niitie mkubwa wako, mwanangu. Nenda taratibu." Boliti zilikuwa na kutu, lakini zilifunguka. Mkubwa alipofika, Mama alikuwa ameshakaza ya tatu na ametandaza kiganja chake kati ya jino na jino, anapima. Hakuna aliyethubutu kumwinua.

Marehemu ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu tisa, mdogo wake wa kike, na mafundi sita aliowafundisha, ambao wanajua meno yanakoangalia.

Baba, uliuliza kama wamegeuza. Hawakugeuza. Mama amegeuza. Sasa pumzika kwa amani.