Gunia ya Makala ya Papa Edmond

Mu 2001 vita ilikuwa imekata njia ya Butembo na Kinshasa, na pension, feza ya bazee, ilibakia kule Kinshasa. Bale balikuwa banatawala muji banatangaza: kila retraité wa leta, mwenye alimalizaka kazi ya serikali, apate gunia ya makala, juu ya baridi ya mvua. Hapana kuuliza nani tajiri, nani maskini. Ile asubui, pa benchi ya kahawa ya mama Kavugho, mu commune ya Kimemi, kelele yetu ilianza mbele kahawa ichemuke. Siméon, aliongozaka shule, tunamuitaka Directeur. Paulin, fundi wa viatu, tunamuitaka Ministre juu anakataka shauri ya kila mutu.

— Nimeona na macho yangu! Ministre anasema. Edmond, na magazini yake, na nyumba ya étage, ya gorofa, ametuma chauffeur yake na motokari kubeba gunia!

— Alitumikaka leta ku douane, ku forodha, Directeur anajibu. Ni retraité. Haki ni haki.

— Haki gani? Bazee balisema, haba na haba inajaza kibaba. Kibaba ya Edmond ilishajaa, inamwagika mpaka mu barabara!

— Weye hapana unajua baridi. Nyumba kubwa iko na baridi kubwa. Weye na chumba moja, ukipumua tu, inapata moto. Yeye, étage muzima?

Mama Kavugho anacheka, karibu amwage kahawa.

— Donc tumuongezee ingine?

— Mais non! Ministre anashusha sauti. Ile makala ni mutego. Fasi moshi inatokea, njo kuko chakula. Kesho basoda banakuja kuomba taxe, kodi ya moshi.

— Basi weye uko salama, Directeur anasema. Kwako moshi ilitokaka lini?

Tunacheka. Ministre hapana anacheka.

— Mucheke tu. Na mama Ngalula, bibi ya mwalimu Roger mwenye alikufa? Bwana alitoka Kasai, akafundisha batoto yetu bote. Bibi anapata nini? Juu yake, niko tayari kusimama mbele ya bureau ya muji!

— Na mimi! Directeur anasema. Roger alikuwa ndugu yangu!

Siye bote tunaitika.

Motokari inasimama. Edmond anashuka yeye mwenyewe, koti mpaka magoti.

— Mwavukire, bazee, habari ya asubui. Mélanie, bibi yangu, amekatala ile makala iingie mu nyumba. Anasema ni haya kwetu, nipelekee mama Ngalula, mwenye hapana alipata. Anakaa wapi?

Ministre anaangalia Directeur. Directeur anaangalia mama Kavugho. Mama Kavugho anachochea moto.

— Iko… nyuma ya soko, Directeur anaanza. Ao pale chini, ku mayi.

Tangu maziko ya Roger, hakuna kati yetu mwenye alifika kwa mama Ngalula.

Edmond anangoja. Mwisho Directeur anaweka kikombe chini, anapanda mu motokari.

— Twende tupige hodi kila mulango.

Balimupata. Directeur alirudi na miguu, jua iko juu, akaikala pa benchi.

— Alisema nini? Ministre anauliza.

— Alisema karibu. Akatupatia kiti. Akauliza kama siye bote, pa benchi, tuko bazima.